Walipeana mikono mbele yangu, siku ya nne wakarushiana trei

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha mikate hapa Tanga. Nina miaka 34 na ofisi yangu ni ya mtu mmoja: naajiri mimi, mafaili natunza mimi, na mtu akifiwa rambirambi nakusanya mimi. Mwaka huu nimeongezewa kazi nyingine ambayo sikuisomea, ya kusuluhisha watu.

Zamu ya usiku tuna fundi wa oveni, mzee wetu wa miaka 57, mtu wa kuheshimika, aliyekuwapo tangu kiwanda kinafunguliwa. Asubuhi mikate inapokelewa na karani wa stoo, binti wa miaka 26 aliyekuja na diploma yake na anayejifanya anajua kila kitu. Kazi yake ni kuhesabu trei, kupima mikate michache ya kila trei na kuandika iliyoungua. Mwaka jana bosi alipitisha utaratibu kwamba mikate iliyoungua au iliyopungua uzito ikatwe kwenye mishahara ya zamu ya usiku, wote kwa pamoja. Mwezi uliopita kila mmoja alikatwa Sh 30,000.

Mzee akasema binti anachezea mizani. Binti akaandika ripoti kwamba uzito unapungua kwa sababu watu wa usiku wanaondoka na unga, akaongeza kuwa fundi wa oveni "huenda anakunywa kazini", maana mara mbili amemwona akipapasa ukuta kutafuta swichi. Ripoti ikavuja. Mzee akamwita binti mwizi mbele ya madereva wa usambazaji. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Watu wa usiku wako na mzee, wa mchana wako na binti, na hata kwenye foleni ya chai wanajitenga.

Bosi akaniita. "Wewe si umesomea watu? Wasuluhishe. Ijumaa nataka karatasi yenye saini zao."

Nikawaita ofisini Alhamisi saa mbili asubuhi, mzee akitoka zamu, binti akiingia. Niliandaa chai na mkate wetu wa kiwandani. Nikawaambia sisi sote hapa ni familia moja. Nikamwomba binti aanze yeye kuomba radhi kwa kuwa ndiye mdogo. Akaomba. Mzee akasema, "Yaishe." Wakapeana mikono, nikaandika kwamba wameahidi kuheshimiana na kushirikiana, wakasaini. Haikufika nusu saa. Kilichonitia mashaka ni kitu kimoja tu: binti kabla ya kula alikigeuza kipande cha mkate akatazama chini yake, na mzee akamwona.

Siku ya nne wakarushiana trei stoo. Hakuna aliyeumia, ila mikate ilimwagika sakafuni na mpakiaji mmoja akawarekodi kwa simu.

Nikaona safari hii nizungumze na kila mmoja peke yake. Mzee aliomba tuonane nje ya kiwanda, akaja kibarazani kwangu. Akasema, mwanangu, nakuambia wewe tu. Macho yake yameanza kufifia, usiku ndiyo mbaya zaidi, namba za kwenye oveni anaziona kama zina moshi. Hajaenda hospitali kwa kuogopa kuambiwa asichotaka kusikia. Amebakiza miaka mitatu astaafu. Akaniomba nisimwambie mtu, nikamwahidi.

Sasa bosi kila siku ananiuliza, "Mzee alikuambia nini?" Binti naye ananiambia, "Dada, najua uko upande wake." Mimi usiku silali nikiifikiria ile oveni.

Nivunje ahadi? Niwaachie wengine hii kazi ya usuluhishi? Na kwa nini watu walioshikana mikono na kusaini hawakupatana?

Afisa Utumishi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na oveni, mengine yatasubiri. Leo kabla zamu haijaingia, weka mtu wa pili pale, kijana mwenye macho mazuri, kazi yake iwe kusoma joto na saa na kuandika kwenye daftari kila trei zinapoingia na kutoka. Sababu huna haja ya kuieleza. Kiwanda kimetoka kurushiana trei. Ukisema unataka kumbukumbu za oveni ziandikwe hakuna atakayeshangaa, na ni kweli utazihitaji huko mbele, utaona. Ahadi yako itakuwa bado nzima, na hakuna atakayeungua mkono wakati mimi na wewe tunazungumza.

Sasa ahadi yenyewe. Ulikosea kuitoa. Nakwambia bila kung'ata maneno kwa sababu nami niliwahi kuitoa. Nilikuwa nasuluhisha madereva wawili wa kampuni moja ya malori. Mmoja akaninong'oneza kwamba breki za gari lake zinavuta upande mmoja, na kwamba amenyamaza kwa kuwa gari likiingia karakana safari yake anapewa mwenzake. Nikamwahidi siri. Usiku nikashikwa na hofu kama wewe, asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa karakana bila kumrudia dereva. Breki zikatengenezwa, namshukuru Mungu. Lakini kuanzia siku ile hakuna dereva wa pale aliyeniambia jambo lenye uzito. Nikiwaita wanakuja, wanakaa, wanasema "hamna shida mama", wanaondoka. Kuhusu breki nilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kumruka mtu aliyeniamini.

Kabla mtu hajafungua mdomo faragha, msuluhishi anatakiwa aseme hivi: utakayoniambia nitayahifadhi, sitayapeleka upande wa pili bila ruhusa yako, lakini likiwemo jambo linaloweza kumdhuru mtu, hilo sitalinyamazia, nitatafuta pamoja nawe namna ya kulisema. Ni maneno ya nusu dakika. Ukiyasema baadaye yanaonekana usaliti. Wewe umechelewa, lakini itabidi uyaseme hivyohivyo. Mrudie mzee kibarazani palepale, umwambie, "Mzee wangu, nilikuahidi jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliahidi. Nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote." Kisha umwachie achague njia: aseme mwenyewe, au mwende wote wawili. Umpe na siku. Kama litasemwa au halitasemwa, hapo hana tena nafasi ya kuchagua, na usimdanganye kwamba anayo.

Na kabla ya kumwambia bosi neno, aende hospitali. Inawezekana ni mtoto wa jicho, ambao hufanyiwa upasuaji mtu akarudi kuona. Inawezekana ni miwani tu. Inawezekana pia ni sukari au presha ya macho, na hayo mawili hayamsubiri mtu amalize miaka yake mitatu. Kinachopotea kwa presha ya macho hakirudi.

Mzee anaiogopa karatasi ya daktari kama vile ni barua ya kumfukuza. Mweleze sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamweka mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kwamba hafai kufanya kazi za usiku katika kundi la watu wasiopaswa kupangiwa usiku, pamoja na wajawazito walio karibu kujifungua na watoto wa chini ya miaka 18. Aliyeko zamu ya usiku akapata cheti hicho, mwajiri anatakiwa kumhamisha. Kumbe ile karatasi ndiyo itakayomkinga. Na hata bosi akitaka kumwachisha kwa ugonjwa, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza achunguze hali yenyewe, atafute kazi mbadala au namna ya kuirekebisha kazi aliyonayo, na amsikilize mhusika. Usimfiche upande wa pili wa jambo: akihamia mchana atapoteza nyongeza ya usiku, ambayo kisheria haipungui asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Aisikie kwako, asije akaiona kwenye karatasi ya mshahara.

Nije kwa kile kikao chako cha kwanza. Nimekisoma mara mbili, na mara ya pili niliguna.

Uliwaita saa mbili asubuhi. Mmoja amesimama mbele ya moto usiku kucha, macho yanamuuma kuliko unavyojua, anataka maji ya kuoga na kitanda. Mwenzake ameamka, ameoga, amekunywa chai. Mzee aliposema "yaishe" uliandika kwamba amesamehe. Katika lugha yetu neno hilo lina kazi nyingi: husemwa na aliyesamehe, husemwa na aliyechoka, husemwa na anayetaka muziki uzimwe alale. Pale kwenu palifanyika funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita, alikaa akasubiri siku ya nne.

Kisha ukamwambia binti aombe radhi kwa kuwa ni mdogo. Aombe radhi ya nini? Hukuwa umemuuliza hata mmoja wao kilichotokea. Umri ulitoa hukumu, wewe ukaandika muhtasari. Najua tulivyolelewa, nami nimelelewa hivyohivyo: mgogoro unapelekwa kwa wazee, wazee wanasikiliza, wanatoa neno, mdogo anapiga goti, watu wanakula. Una mahali pake utaratibu huo na umeokoa nyumba nyingi. Lakini mtu akitoa neno pale amekuwa mwamuzi. Angalia hata jina la Tume yetu ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi. Maneno ni mawili kwa sababu kazi ni mbili: kwanza usuluhishi, ambapo wenye ugomvi ndio wanaotafuta mwafaka wao wakisaidiwa na mtu, ukishindikana ndipo uamuzi, ambapo mtu anasikiliza ushahidi na kutamka. (Neno mwamuzi ndilo tunalomwitia pia mwenye filimbi uwanjani, na sijawahi kuona timu mbili zikitoka zimempenda.) Wewe uliitwa kwa kazi ya kwanza ukafanya ya pili bila ushahidi.

Hayo ya "sisi ni familia moja" yaache kabisa. Ndani ya familia hakuna anayekata mtu Sh 30,000 kwa mkate wa mwenzake.

Halafu kuna barua yako. Fundi umemwita "mzee wetu", "mtu wa kuheshimika". Karani "anajifanya anajua kila kitu". Kama kwangu, nisiyewajua, imeonekana, binti anayekuona kila asubuhi ameiona zamani. Ana haki anaposema uko upande wa mzee. Na liko jambo zito zaidi ambalo umelipitia kwa maneno mawili tu: "Ripoti ikavuja." Kutoka wapi, mwanangu? Mafaili si unatunza wewe? Sisemi ulikwenda kuitangaza. Labda ilibaki mezani ukaenda kuswali au kula. Lakini binti aliandika ripoti kwa ofisi, akaikuta midomoni mwa madereva, kisha ofisi hiyohiyo ikamwambia aombe radhi. Kabla hujamwita kwenye kikao kingine nenda kwake umwambie, "Ile karatasi ilitakiwa iwe salama kwangu, haikuwa. Samahani." Usiongeze "lakini". Kisha nyamaza umsikilize, hata akikaa dakika tano hajasema kitu. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na walimu wengi hawaifundishi kwa sababu haijazi ubao.

Ukiwa naye, muulize kama anakukubali uendelee kuwasuluhisha. Na mzee muulize hivyohivyo. Hilo la kuachana na kazi hii au kuendelea nayo, wao ndio wenye kulijibu. Mmoja akisema hapana, usinune. Tafuta mtu wanayemheshimu wote ambaye hayuko usiku wala stoo. Kama tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, lipo hapo kiwandani, kiongozi wake anaweza kukaa kikaoni, ila akumbuke kwamba wote wawili ni watu wake. Na hapo nikuonye jambo moja ambalo barua yako haina, lakini faragha huwa linatoka: binti akikuambia kuna kushikwashikwa, au maneno ya kumtaka, funga daftari la usuluhishi papo hapo. Jambo hilo halipatanishwi kwa chai. Linakwenda kwenye uchunguzi na nidhamu, na mwenyewe akitaka, polisi.

Vivyo hivyo kwa wizi wa unga na ulevi. Kikao cha usuluhishi hakina uwezo wa kujua nani kaiba. Ila macho ya binti hayakudanganya. Alimwona mzee akipapasa ukuta, na ni kweli alikuwa akipapasa. Aliongeza maana tu. Ndivyo ripoti nyingi zinavyokuwa: nusu ni aliyoyaona mtu, nusu ni hitimisho lake, na yote yanaandikwa kwa wino mmoja. Ukijizoeza kuuliza "uliona nini hasa?" badala ya "kwa nini unasema hivyo?", utashangaa ugomvi unavyopungua mwili.

Mizani je? Sijafika stoo kwenu, lakini nimewahi kukaa kwenye kiwanda cha mikate kusuluhisha jambo lingine, na fundi mmoja alinifundisha kitu. Mkate unapotoka kwenye oveni una mvuke mwingi. Unapopoa, mvuke unatoka, uzito unapungua. Ukiupima ukiwa moto na ukiupima asubuhi umekaa kwenye trei saa kadhaa, hupati namba moja, hata kama hakuna aliyeugusa. Muulize mzee anapima saa ngapi, muulize binti anapima saa ngapi. Ikiwa mmoja anapima ukitoka motoni na mwingine ukishapoa, basi kwa miezi yote hii watu wawili wakweli wameitana wezi. Hili usiwatangazie wewe. Walete wote mbele ya mizani, mpime mkate uleule mara mbili, ukiwa moto na ukiwa umepoa, wasome namba wenyewe. Jambo ambalo mtu ameligundua kwa macho yake (ya mzee mtayasaidia kwa miwani au kwa kumsomea kwa sauti) halihitaji kushawishiwa.

Sasa tumfikie mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao chako na ambaye kwa maoni yangu ndiye mzazi wa ugomvi huu. Nakuuliza: kabla ya mwaka jana, kabla ya utaratibu wa makato, hawa wawili walikuwa wanasalimiana? Nina hakika walikuwa wanasalimiana. Binti alipewa kalamu inayopunguza mshahara wa watu wazima kumi au ishirini kila asubuhi, kisha tunashangaa wanamchukia. Mzee akiunguza trei moja, vijana wake wanalipa. Wangekuwa malaika wangegombana.

Na makato yenyewe hayako sawa. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la huyo mfanyakazi; mwajiri amwandikie chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipiga hesabu; ampe nafasi ya kutosha ya kukipinga; deni lisizidi hasara yenyewe; na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kumkata kila mtu wa zamu kiasi kilekile kwa sababu trei fulani iliungua hakupiti hata kwenye sharti la kwanza. Unaona kwa nini nilisema daftari la oveni utalihitaji?

Hapa ndipo kazi yako inapokuwa ngumu kuliko ya msuluhishi wa Tume. Yeye hatoki kwa mmoja wa wagombanao. Wewe unalipwa na bosi, umetumwa na bosi, na karatasi inakwenda kwa bosi, na mwamba ngoma huvutia kwake. Huwezi kujifanya huna upande, lakini unaweza kuusema waziwazi mbele ya wote: "Mimi ni mwajiriwa wa ofisi, hilo mnalijua, nitakachopeleka kwa bosi ni mtakachokubaliana tu, na mtakisoma kabla sijakipeleka." Watu wanavumilia upande unaoonekana. Uliofichwa ndio unaowatia wasiwasi.

Kwa bosi usiende na lawama, hatakusikia. Nenda na hesabu. Mwambie mambo matatu kwa mpigo mmoja, ukiwa umesimama wima. Kwanza, aliyoyasema mzee faragha hutamwambia, kwa sababu siku utakapomwambia ya mzee, wafanyakazi wote wataacha kukuambia kitu na ofisi yake itakuwa kipofu. Lolote la usalama litamfikia kwa njia yake na kwa siku uliyoipanga. Pili, makato ya pamoja yanaweza kupelekwa Tume na mfanyakazi yeyote wa usiku ndani ya siku 60, na bosi akimfukuza mtu kwa ajili ya ugomvi huu, huyo ana siku 30 za kulalamika. Wakifika huko atakaa mbele ya msuluhishi ambaye yeye hamlipi, akieleza Sh 30,000 zilihesabiwaje. Tatu, Ijumaa haitoshi. Tume yenyewe imepewa siku 30 za kusuluhisha, na pande mbili zikikubaliana kwa maandishi zinaongezwa. Yeye anataka karatasi kwa siku moja, na karatasi alishaipata, ikazaa trei sakafuni.

Akikataa kugusa utaratibu wa makato, basi ujue kikao chako kitapunguza maumivu tu. Usiwaahidi hao wawili zaidi ya hapo.

Kikao cha pili kifanye alasiri, mzee akiwa amelala na kuoga, muda huo uhesabiwe kazini na alipwe. Usikae nyuma ya meza. Viti vitatu vya aina moja, maana nimewahi kuona kikao kikivunjika kwa sababu mmoja alipewa stuli. Binti akiingia amwamkie mzee shikamoo na mzee aitikie. Usiwakataze adabu yao kwa kudhani usawa unaanza kwa kuwavua heshima. Ila ukishaanza, muite mmoja Mzee na mwingine Bi, usimwite mmoja mzee wangu na mwingine "wewe". Mwambie mzee mapema, faragha, kwamba binti atasema mambo ambayo kwa kawaida mdogo hamwambii mkubwa, na kwamba ni wewe uliyemwomba ayaseme. Hilo litamwondolea mzee mzigo wa kulinda hadhi yake kila sentensi.

Kila mmoja aeleze bila kukatwa. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako na umuulize kama ndivyo. Mzee akisema "huyu mwizi", usimkaripie wala usilirudie neno lenyewe, mwambie, "Unataka ujue uzito umepimwaje kabla mshahara haujaguswa?" Atasema ndiyo, naye atakuwa amesikia ombi lake likisemwa bila tusi. Binti akisema "wananichukia zamu nzima", muulize, "Ungependa usiwe peke yako unapoandika iliyoungua?" Utafanya hivyo mara ishirini na utachoka. Wakizidishiana sauti simamisha, mmoja atoke nje avute hewa, uzungumze na aliyebaki.

Suala la macho, mzee akiamua kulisema mwenyewe hapo, mwachie aliseme kwa namna yake. Usimsaidie maneno. Kama siku uliyompa bado haijafika, kikao kinaweza kuendelea bila hilo, maana mizani na kalamu vinatosha kuwapa la kuzungumza.

Na safari hii usiandike "wameahidi kuheshimiana". Kuheshimiana hakuna mtu anayeweza kukukagulia Jumanne. Andika nani anapima, saa ngapi, mkate ukiwa umepoa kwa muda gani, nani wa usiku anabaki kushuhudia na anaruhusiwa kuondoka saa ngapi, wote wanasaini daftari gani, na wakitofautiana namba wanamwita nani kabla hawajapandisha sauti. Weka tarehe ya kukutana tena baada ya wiki mbili. Wasome, wabadilishe wanachotaka, ndipo wasaini. Yule mpakiaji naye muombe aifute ile video mbele yako.

Chai iwepo. Ila mkate wa kiwandani usiweke tena mezani. Ule ulikuwa kielelezo cha kesi, na ulimpa binti kisu akaukate mbele ya mshtakiwa. Kanunue mihogo.